Word ya nyumbani: tuweke mupya ao tubakie na ya zamani?

Ilikuwa siku ya yenga, mangaribi. Kwetu ku Katuba umeme ulikuwa umerudi kisha siku nzima ya kungojea, na kila mutu alikimbilia kitu chake: huyu pasi, huyu friji, huyu simu. Binti yetu mukubwa alikimbilia mashini, ile kompyuta yetu ya zamani inayokaa ku meza chini ya kitambaa. Kisha dakika makumi mbili alituita, na sauti ya mutu mwenye kufiwa.

— Papa, Word yetu imezeeka. Angalia! Hapa ku nyumba TFC yangu iko na page makumi ine na moja. Ku sekretariati inatoka page makumi ine na ine. Sommaire yote imeharibika, batablo bamekatika katikati. Tunapashwa kuweka Office ya mupya mbele ya dépôt.

— Iko bei gani?

— Dola mia moja na makumi tano. Ile ya yenyewe, ya kulipa mara moja.

Mama yao alikuwa anapika bukari. Hakugeuka hata.

— Ile njo franga ya masomo ya mudogo wako, alisema.

Kama uko mutumikaji wa mine na uko na mashini ku nyumba, maneno haya unayajua. Mashini ilinunuliwa siku moja, wakati prime ilitoka vizuri. Toka pale inatumika kwa kila kitu: barua ya kuomba kazi, CV ya shemeji, hesabu ya likelemba, liste ya wageni wa ndoa, TFC ya mutoto. Kisha miaka, mutu anakuja kusema: yenu imepitwa, mununue ya mupya. Hakuna anayeeleza imepitwa namna gani. Sisi tuliamua kutotoa franga mbele ya kujua. Tulichukua juma moja, tukauliza mafundi, tukauliza jirani, tukaangalia mashini yenyewe. Haya njo tuliyopata.

Kosa halikuwa la Word

Tulianza na zile kurasa tatu zilizozidi. Mashini yetu iko na Office 2010. Nusu ya TFC binti yetu aliiandika kwa rafiki yake, mwenye mashini mupya. Pale njo shida ilizaliwa.

Maandishi ya kompyuta yako na sura na majina. Toka Office 2007, sura ile Word inaweka yenyewe ni Calibri. Mwaka 2023 Microsoft ilibadilisha, ikaweka sura ingine inayoitwa Aptos, yenye kupanuka kidogo kuliko Calibri. Mashini ya rafiki iko na Aptos. Yetu haina. Wakati Word yetu haikuona Aptos, iliweka sura ingine pa nafasi yake bila kutuambia kitu. Ku sekretariati, kwenye Office ya mupya, Aptos ya kweli ikarudi, mistari ikasogea, na kurasa 41 zikakuwa 44. Word ya zamani ilikuwa inafungua faili muzuri kabisa. Sura ya maandishi tu njo ilikosekana.

Dawa haikuomba hata franga moja. Binti yetu alichagua maandishi yote, akaweka Times New Roman ya 12, sura ambayo inapatikana mu mashini karibu zote za Windows. Alipanga upya orodha ya sura. Kisha alienda ku "Fichier", "Enregistrer sous", na mu aina ya faili akachagua PDF. Faili ya PDF inabeba sura zake mu mufuko wake, kwa hiyo inatoka vilevile kila pahali. Siku ya pili ku sekretariati zilitoka kurasa 43, sawa na ku nyumba. Ukitaka profesa asahihishe, mupe faili ya Word. Ukitaka kuchapisha, peleka PDF. Sheria hiyo moja peke inaweza kuokoa dola mia moja na makumi tano mu nyumba nyingi.

Tulifikiri habari imeisha. Lakini mama yao aliuliza swali ambalo lilitulazimisha kuendelea:

— Basi kama ingali inatumika muzuri, juu ya nini ku muji banasema imekufa?

Kofia yenye tarehe

Mutu wa mine anajua kofia ya kazi, ile casque, iko na tarehe. Siku tarehe inapita, kofia haipasuki yenyewe. Unaweza kuivaa tena mwaka muzima, hakuna kitu kitafanyika. Ubaya utaonekana siku ile jiwe litaanguka.

Office iko vile. Kwa miaka fulani, Microsoft inatafuta matundu mu programu yake na kuyaziba: inatuma viraka kupitia intaneti. Siku ikifika, inaacha. Office 2007 iliachwa mwezi wa 10 mwaka 2017. Office 2010, kama yetu, iliachwa tarehe 13 mwezi wa 10, 2020. Office 2013 ilifuata mwezi wa 4 mwaka 2023. Office 2016 na Office 2019 ziliachwa siku moja, tarehe 14 mwezi wa 10, 2025, siku ileile Windows 10 nayo iliachwa. Office 2021 itafikia mwisho mwezi wa 10 mwaka 2026. Office 2024 iko na mpaka mwezi wa 10 mwaka 2029.

Kuachwa hakumaanishi kuzimika. Word ya 2010 itafunguka kesho na kesho kutwa. Maana yake ni kwamba tundu lolote lililoonekana kisha ile tarehe linabakia wazi, na wezi wanalijua.

Jiwe litatoka wapi? Kwetu hapa, mara nyingi mu flashi. Flashi yako inaingia mu mashini ya sekretariati, ambayo asubuhi ile imekwisha kupokea flashi za watu makumi. Kisha unairudisha ku nyumba. Njia ingine ni faili inayotumwa mu simu ao mu barua-pepe: "liste ya walioitwa ku kazi", "barème mupya ya mishahara". Unaifungua, inakuomba kubonyeza "Activer le contenu". Mutu mwenye kutafuta kazi atabonyeza mbio mbio. Usibonyeze. Liste ya majina haihitaji programu ndogo ndani yake ili isomwe.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama lilikuwa hivi: kama mashini haigusi intaneti wala flashi ya mutu mwingine, Office ya zamani inaweza kuendelea. Lakini mashini ya namna ile iko nyumba gani? Yetu hapana.

Jirani na alama ya #NOM?

Kuko pia watu ambao Office ya mupya ni chombo cha kazi kwao. Jirani yetu mumoja anatumika mu mine ya upande wa Likasi. Anarudi ku nyumba kila mwisho wa juma. Walimupa kazi ya kupanga ripoti ya ekipe: masaa ya kila mutu, litre za mazuti, safari za kamio. Anaanza ripoti ku kazi, anaimaliza ku nyumba. Lakini ku nyumba, kila akigusa hesabu, kisanduku kinajaza #NOM?, na chef anamuuliza kama kweli anajua Excel.

Tuliangalia pamoja. Ku kazi walitumia fomula inayoitwa RECHERCHEX. Fomula hiyo haikukuwa mu Excel ya 2010, wala ya 2013, 2016 ao 2019. Iko mu Office 2021, Office 2024 na mu Microsoft 365. Excel yake ya zamani inasoma jina, hailijui, inaandika #NOM?. Yeye kweli anajua Excel. Mashini yake njo haijui ile fomula.

Kwake yeye, kubakia na ya zamani kunaweza kumukosesha cheo. Hata vile, hakutoa dola. Tulimushauri aulize kwanza service informatique ya kazi yake. Kampuni nyingi zinalipia Microsoft 365 kwa watumikaji, na mara nyingi konti moja ya kazi inaruhusu kuweka Office ku mashini tano, ya nyumba nayo ikihesabiwa. Aliuliza, wakamukubalia.

Lakini kuko neno moja la kushika. Konti ile ni ya kampuni. Siku kontra inaisha, konti inafungwa, na faili zote ulizoweka mu stoo yake ya intaneti zinabakia kule. Ripoti ya kazi, iweke kule. Lakini aktu ya kuzaliwa ya mutoto, barua za kiwanja, TFC ya binti, usiziweke hata siku moja mu konti ya kazi.

Bei yenyewe

Kwa mwenye kutaka kununua, kuko njia mbili za Microsoft. Ya kwanza ni kulipa mara moja: Office Home 2024, ambayo ku Marekani bei yake ni karibu dola 150, iko na Word, Excel na PowerPoint, kwa mashini moja. Ya pili ni kulipa kila mwaka: Microsoft 365 Personal, karibu dola 100 kwa mwaka kwa bei ya Marekani toka mwaka 2025. Ukiacha kulipa, faili zako hazipotei, zitafunguka na kuchapishwa, lakini hutaweza tena kuziandika. Fanya hesabu yako: kwa nyumba inayoandika barua mbili ku mwezi, kulipa kila mwaka ni sawa na kukodisha kamio ya tani makumi juu ya kubeba gunia moja ya makala.

Mbele ya kulipa, angalia kama mashini yenyewe itakubali. Office 2024 inaomba Windows 10 ao Windows 11, na RAM ya giga 4. Kama mashini yako ingali na Windows 7, usitoe franga: haitaingia.

Kuko pia njia ya katikati: Word na Excel za bure ndani ya intaneti, kwa kufungua konti ya Microsoft. Zinafaa kwa barua moja ao kwa kujifunza mbele ya test ya kazi. Lakini zinakula mega, na umeme ukikatika pamoja na réseau, kazi inasimama.

Na "ya bure" ya ku muji? Kuko vijana ambao kwa dola kidogo watakuwekea Office 2024 yenye krake. Tunajua watu wengi wanaitumia, hatuko hapa kuhukumu mutu. Tunasema paka hivi: angalia namna wanaiweka. Kitu cha kwanza wanafanya ni kuzima ulinzi wa mashini, juu ulinzi unakataa krake. Kisha wanafungua programu isiyojulikana ilitoka wapi, na kuipa ruhusa yote. Ni sawa na kumupa mugeni funguo za nyumba, kisha kumufunga imbwa wako, kisha kwenda kulala. Pengine hataiba. Lakini ulimuona wapi? Mu mtaa wetu, kijana mumoja aliweka krake mu mashini ya baba yake. Kisha siku kidogo, picha na mikanda yote ilikuwa imefungwa na ilikuwa inaomba franga. Baba alitumika miaka mingi chini ya udongo. Vyeti vyake vyote vya mafunzo alikuwa ameviskani mule, na hakukuwa kopi.

Mutu akikuuzia pia ufunguo wa Office kwa bei ya soda mbili, uulize ni wa nani. Funguo nyingi za namna ile ni za kampuni fulani, zimeuzwa kwa siri. Siku Microsoft inazifunga, muuzaji hapokei tena simu.

Njia ambayo watu hawaambiwi

Kuko programu ingine, ya bure kwa haki yote, bila krake: LibreOffice. Ilizaliwa mwezi wa 9 mwaka 2010, ikitoka mu programu ya zamani zaidi inayoitwa OpenOffice. Inasimamiwa na shirika lisilotafuta faida, The Document Foundation, ambalo makao yake ni ku Berlin, Ujerumani. Iko na Writer pa nafasi ya Word, Calc pa nafasi ya Excel, Impress pa nafasi ya PowerPoint. Iko kwa kifaransa. Haifungwi kisha mwaka, na viraka vyake ni vya bure.

Hata mama yao alicheka: "Kitu cha bure kiko na ugonjwa fulani." Lakini gendarmerie ya Ufaransa ilianza kutumia OpenOffice toka mwaka 2005, kisha ikaingia mu LibreOffice. Na sisi wenye kusema kiswahili, tuko na sababu yetu ya kuikumbuka: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waligeuza OpenOffice ikasema kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza juu programu ile iko wazi: kila mutu anaweza kuifungua, kuisoma na kuitafsiri.

Ugonjwa wake uko, tuuseme. Ukihifadhi faili bila kuangalia, inatoka na mwisho wa .odt, na ku sekretariati wengine watashangaa. Unapashwa kuchagua aina ya Word, .docx, ao kutoa PDF. Faili za Excel zenye programu ndogo ndani, zile zinazoitwa macro, pengine hazitatembea. Kurasa zenye mapicha na michoro mingi zinaweza kusogea. Kwa Calibri, LibreOffice inaweka sura ingine yenye upana uleule, kwa hiyo mistari inabakia pa nafasi yake. Hata RECHERCHEX inaijua, toka toleo la 24.8 la mwaka 2024. Na matoleo ya mupya toka 25.8 hayakubali tena Windows 7 wala Windows 8.

Kuishusha kunakula mega karibu 350. Shusheni mara moja mu mutaa, ku mahali halali pake, ku libreoffice.org, kisha mupitishiane mu flashi safi. Hapa sheria inaruhusu.

Tuliamua nini

Tulikaa ku meza watu wane. Kila mutu alisema mashini inamufanyia kazi gani. Binti: TFC, kisha CV. Mama: hesabu ya likelemba. Mudogo: kazi za masomo. Na sisi: mikanda ya babu yao.

Babu alitumika Gécamines. Alitoka mwaka 2003, mu ile départ volontaire ambayo iliondoa watumikaji zaidi ya 10,000. Barua alizoandika toka wakati ule, juu ya décompte yake, ziko mu mashini, mu Word ya zamani ya .doc, pamoja na fishe za malipo tulizoskani. Ile njo mali ya kweli iliyo mu mashini hii. Word inaweza kununuliwa tena. Fishe ya malipo ya mwaka 1987 haiuzwi fasi yoyote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa flashi mbili mupya. Tuliweka mikanda yote mu zote mbili. Moja inakaa kwetu, moja iko kwa shangazi yao ku Kampemba. Hakuna flashi ile inaenda ku sekretariati. Ya kwenda kule ni ingine, ya zamani, yenye PDF tu.

Cha pili: hatukugusa Office mpaka TFC iingie. Mutu habadilishi ngazi akiwa katikati ya kupanda. Kisha dépôt, tulitoa Office 2010 na kuweka LibreOffice. Mama alilalamika siku tatu juu ya vifungo kuhama nafasi. Siku ya ine alikuwa anapiga hesabu ya likelemba na kunyamaza.

Cha tatu ni Windows yenyewe. Yetu ni Windows 10, na mashini ni ya zamani sana kwa Windows 11. Microsoft imetoa mwaka mumoja wa nyongeza wa viraka kwa wenye kujiandikisha, mpaka mwezi wa 10 mwaka 2026. Tulijiandikisha.

Nyumba yako inaweza kuamua vingine. Kama mushahara wako unategemea Excel yenye macro, na kazi haikupi konti, nunua, na ununue ya kweli. Kama ni barua na CV, weka dola zako. Lakini amua ukijua kazi ya mashini yako, na ukiwa na kopi mbili za mikanda yako kwanza. Ukitaka kujua uko na Office gani, fungua Word, "Fichier", kisha "Aide" ao "Compte": mwaka umeandikwa pale.

Mwezi wa 10 mwaka 2026 tutakaa tena ku meza, na pengine pale tutalazimika kutoa franga, juu ya mashini yenyewe. Kwa sasa, masomo ya mudogo yamelipwa.